Mafuta na maji ndani ya bomba na mwamba: dhana potofu na ukweli

Mafuta ghafi ni nadra kutoka kisimani peke yake. Huja na maji, na kisima kinavyozeeka maji huzidi. Vimiminika hivyo viwili vikikorogwa, kimoja hugawanyika kuwa vitone ndani ya kingine, na hiyo ndiyo emalsheni. Kabla ya kukadiria itakavyopita, uliza kwanza: kipi kiko nje, kipi kiko ndani? Dhana nyingi potofu zinatokana na kuliruka swali hilo.

Dhana: Mafuta na maji hayachangamani, kwa hiyo yatajitenga yenyewe.

Mafuta ghafi yana asfalteni na resini, molekuli kubwa zinazojikusanya kwenye mpaka wa mafuta na maji na kujenga utando mgumu kuzunguka kila kitone. Vitone viwili vikigongana, utando huo huvizuia kuungana, na emalsheni huweza kukaa tangini muda mrefu sana bila kutengana. Pampu na vali za kubana huzidisha tatizo: shinikizo linaposhuka ghafla kwenye uwazi mwembamba, matone hukatwakatwa yakawa madogo zaidi, na madogo ndiyo magumu kutenganisha.

Dhana: Maji hupunguza mnato (ugumu wa kutiririka) wa mafuta mazito.

Hii ndiyo imeenea kuliko zote. Watu huona maji ni mepesi kutiririka, wakadhani mchanganyiko utakuwa wa kati na kati. Sivyo. Vitone vya maji vikiwa ndani ya mafuta, mafuta yanalazimika kuvizunguka, na mnato hupanda. Hesabu ya Albert Einstein ya mwaka 1906, aliyoisahihisha 1911, inahusu chembe ngumu za duara zilizo chache: kila asilimia 1 ya ujazo huongeza mnato kwa asilimia 2.5. Vitone vikiwa vingi vinaanza kusukumana, na mnato hupanda kwa kasi kubwa zaidi. Maji yakifika asilimia 60, emalsheni huweza kuwa na mnato mara kumi au zaidi ya mafuta yenyewe.

Maji yakizidi zaidi, mambo hupinduka: maji huwa nje, mafuta yakawa vitone, na mnato hushuka ghafla. Kemikali inayofaa huweza kuyaweka maji nje hata yakiwa machache, na Venezuela ilifanya biashara kwa kanuni hiyo. Bidhaa yake, Orimulsion, ilikuwa takriban asilimia 70 lami asilia ya eneo la Orinoco na asilimia 30 maji, pamoja na kemikali ya kuzuia vitone visiungane. Lami ile peke yake ni nzito mno kupita bombani bila kupashwa moto. Ikiwa vitone ndani ya maji, ilisukumwa na kusafirishwa hadi mitambo ya umeme ng'ambo. Kwa hiyo maji husaidia, ila yakiwa nje.

Dhana: Mnato ukipimwa mara moja maabara, umemaliza.

Emalsheni nzito hulainika inapoenda kasi na kukaza inapopungua kasi. Kipimo cha kasi moja hakitakwambia shida utakayoipata kuwasha tena bomba lililosimama.

Dhana: Mwamba ni bomba nyembamba nyingi tu.

Vinyweleo vya mwamba, yaani vitundu vyake vidogo, vina vyumba na shingo. Chukua tone lenye nusu kipenyo cha mikromita 20 linaloingia kwenye shingo yenye nusu kipenyo cha mikromita 5, mvutano wa mpaka wa mafuta na maji ukiwa nyutoni 0.03 kwa mita. Kulipitisha kunadai shinikizo la ziada la paskali 9,000 hivi. Matone kumi yakinasa kwenye njia moja, ni paskali 90,000, karibu angahewa nzima, ndani ya umbali mfupi mno. Shusha mvutano mara elfu kwa kemikali, na lile tone litadai paskali 9 tu. Hata vitone vidogo kuliko shingo havipiti vyote: vingine hunasa ukutani au kwenye mianya ya pembeni.

Dhana: Mwamba ukiziba, ni hasara.

Maji yanayosukumwa ardhini kufuata mafuta hupenda njia rahisi, yakaacha mafuta pembeni. Mwaka 1973 mtafiti Clayton McAuliffe alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba emalsheni ya mafuta ndani ya maji hupunguza upenyezaji wa jiwe la mchanga (uwezo wake wa kupitisha vimiminika), hasa matone yakiwa makubwa kuliko shingo za vinyweleo. Emalsheni huingia kwa wingi zaidi pale palipo wazi, ikanasa pale pale, na maji yanayofuata hulazimika kupita kwenye tabaka gumu kupitika ambalo bado lina mafuta.