Dhana potofu kuhusu kazi ya afya ya wanyama, na watu wanaoiendesha

Zamani ukisema "bwana mifugo", mtu alifikiria josho, chanjo ya serikali na pikipiki ya wilaya. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali za Kenya na Tanzania zikaanza kujitoa kidogo kidogo katika tiba ya mifugo na kuwaachia watu binafsi. Leo Nairobi, Mombasa, Arusha na Dar es Salaam kuna kliniki za mbwa na paka zenye mashine za kupimia damu, maduka ya dawa za mifugo yapo hadi kwenye vituo vya daladala, na wafugaji wa kuku wana makundi ya WhatsApp ambako ushauri hutolewa usiku kucha, mwingine mzuri, mwingine wa kumaliza banda zima.

Kazi imebadilika, lakini mawazo kuhusu nani aiongoze na kwa namna gani yamebaki palepale. Dhana nyingi ninazozisikia zinahusu watu kuliko zinavyohusu wanyama: nani aamue, nani ni msaidizi tu, nani alipwe kwa lipi.

"Maamuzi ni ya daktari mwenye shahada, wengine ni wa kushika mnyama"

Sotoka, tauni ya ng'ombe, iliingia Afrika Mashariki mwishoni mwa karne ya 19 na kuteketeza ng'ombe kiasi kwamba jamii nzima za wafugaji zilikufa njaa. Chanjo iliyokuja kuimaliza ilitengenezwa Muguga, nje kidogo ya Nairobi, na Walter Plowright na wenzake. Ilikuwa chanjo nzuri sana, ila ilitaka ubaridi, na ugonjwa ulikuwa umejificha kusikokuwa na ubaridi wala barabara: Afar kule Ethiopia, Sudan Kusini iliyokuwa vitani, Karamoja kule Uganda. Miaka ya 1990 ilipatikana aina inayostahimili joto. Hapo ndipo wafugaji wenyewe, waliochaguliwa na jamii zao na kupewa mafunzo mafupi, walipokabidhiwa sindano. Walijua ng'ombe watakuwa malisho gani mwezi gani. Gari la wizara lisingejua. Mgonjwa wa mwisho aliyethibitishwa alikuwa nyati katika Hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ikatangazwa kuwa haina sotoka tena. Ni ugonjwa wa pili kufutwa kabisa, baada ya ndui ya binadamu.

Kila mwenye bomba la sindano si mtaalamu, hilo nalo lisemwe. Sheria ya Veterinari ya Tanzania ya mwaka 2003 na ile ya Kenya ya mwaka 2011 zinawatambua wataalamu wa ngazi ya cheti na stashahada, zinawataka wasajiliwe na zinaweka mipaka ya kazi zao. Zinataka wasimamiwe. Katika kliniki nyingi neno hilo husomwa kama ruhusa ya kuwanyamazisha.

Tazama kliniki yoyote ya mjini saa mbili asubuhi. Daktari anaingia, anasoma kadi, anatoa maagizo. Kijana aliyelala na wagonjwa amesimama nyuma na ndoo. Yeye ndiye anayejua kwamba yule mbwa aliyepasuliwa jana hajakojoa tangu jioni na kwamba paka wa kona amelamba mshono wake hadi uzi umelegea. Hakuulizwa, hakusema. Kiongozi anayejua kazi humuuliza huyo kijana kwanza, kabla ya kusoma kadi. Ni dakika tano tu, na sijui jambo lingine la bei rahisi kama hilo linaloweza kuokoa wagonjwa.

"Biashara hii inaishi kwa kuuza dawa"

Hii ndiyo mama wa dhana zote, na hapa nitakaa kidogo.

Mama anaingia dukani na simu mkononi, anaonyesha picha ya kuku.

"Dokta, wanazubaa tu. Kinyesi kijani, na huyu shingo imejipinda."

"Pole mama. Wamekufa wangapi?"

"Saba tangu juzi."

Kijana anageukia rafu, anachukua pakiti ya unga wa OTC, anachukua na vitamini. "Weka kijiko kwenye maji yao siku tano." Mama analipa, anashukuru, anaondoka.

Kinyesi cha kijani, shingo iliyopinda na vifo vya haraka: mtu yeyote aliyekaa nyuma ya kaunta hiyo miezi michache lazima afikirie kideri. Kideri kinasababishwa na kirusi, na OTC ni antibiotiki. Haiui kirusi. Kuku wataendelea kufa, waliopona watakuwa wamepona wenyewe, na mama atawahadithia majirani kwamba dawa ilisaidia "kidogo". Kumbe alichohitaji ni kuambiwa awatenge wagonjwa, asiuze wala kugawa kuku, mizoga aichome au aizike, na kundi lijalo alichanje mapema. Kuna chanjo ya matone ya jicho iitwayo I-2, inayotengenezwa hapahapa Tanzania, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne. Tone moja jicho moja.

Kijana yule anajua haya, au angeweza kufundishwa kwa mchana mmoja. Lakini analipwa kwa mauzo. Mwenye duka akija jioni haulizi umemshauri nani, anauliza umeuza ngapi. Chanjo ina faida ndogo, ushauri hauna faida kabisa, pakiti ya unga ina faida. Ukipanga malipo hivyo, halafu ukabandika ukutani tangazo la kupinga usugu wa dawa, yaani vijidudu kuzoea antibiotiki, umebandika karatasi tu.

Basi kuna wasemao: "Lakini bila dawa tutafunga." Denmark walilikabili swali hili mwaka 1995. Waliminya faida ambayo daktari wa wanyama angeweza kuipata kwa kuuza dawa, na mapato yake yakahamia kwenye mikataba ya kutembelea mashamba na kushauri. Madaktari hawakufunga, na ufugaji wa nguruwe ukabaki biashara kubwa ya nchi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006, na tangu Januari 2022 hairuhusiwi kuwapa wanyama antibiotiki kama mazoea ya kuziba mapengo ya usafi na matunzo. Afrika Mashariki si Denmark, na mfugaji wa kuku hamsini hana mkataba na mtu. Hata hivyo mwenye duka anaweza kubadilisha kitu kimoja bila kusubiri sheria: kamisheni. Aipunguze kwenye antibiotiki, aiongeze kwenye chanjo. Au aanzishe ada ndogo ya ushauri inayoandikiwa risiti, maana watu wetu hulipia kwa urahisi zaidi kinachoonekana kwenye karatasi.

Kuna na muda wa kusubiri, ule ulioandikwa kwa herufi ndogo kwenye pakiti: siku ambazo maziwa au mayai hayapaswi kuliwa baada ya dawa. Ni nadra kusikia ukitajwa kaunta. Muuzaji hana sababu ya kuutaja, kwa kuwa anayeutaja huonekana anamharibia mteja biashara ya maziwa.

"Chanjo ikitoka kwenye friji imekuwa maji"

Ni kweli kwa baadhi, si kweli kwa zote, na tofauti hiyo inagusa mipango ya kazi moja kwa moja. Chanjo ya ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoletwa na kupe, hukaa kwenye naitrojeni ya maji na hudungwa pamoja na antibiotiki ya muda mrefu. Hiyo ukiichezea umeipoteza. I-2 ya kideri, kwa upande wake, ilitengenezwa makusudi istahimili safari za vijijini. Kuhusu kichaa cha mbwa, utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016 ulichukua chanjo moja inayotumika sana, ukaiweka kwenye nyuzi 25 kwa miezi sita na nyuzi 30 kwa miezi mitatu, na mbwa waliochanjwa nayo wakapata kinga isiyopungua ile ya chanjo ya friji. Baada ya hapo watafiti mkoani Mara wakajaribu kuhifadhi chanjo kijijini ndani ya vyombo vya udongo vinavyopozwa kwa maji, mikononi mwa wahudumu wa hukohuko.

Nisieleweke vibaya: dukani friji ibaki friji, na daftari la joto lijazwe asubuhi na jioni na mtu aliyetazama kipimajoto kweli, siyo lijazwe Ijumaa kwa wiki nzima kwa kalamu moja. Ninachosema ni kwamba "hatuna friji" imetumika mno kama sababu ya kutomwamini mtu wa kijijini.

"Mbwa wa mitaani hana mwenyewe, kwa hiyo hachanjiki"

Tafiti za Tanzania zimeonyesha mara kwa mara kwamba mbwa wengi wanaozurura wana kwao. Wanalala uani kwa mtu na wana jina. Ukitangaza chanjo, wanaletwa, na mara nyingi anayemleta ni mtoto mwenye kamba ya katani. Kituo kikiwekwa saa za shule, idadi inaporomoka.

Pemba ni mfano mzuri, kisiwa ambacho nyumba nyingi hazifugi mbwa kabisa. Kichaa cha mbwa kililetwa, kikaua watu, na baada ya kampeni za kila mwaka kikatoweka mwaka 2014. Chanjo ikalegea. Mwaka 2016 kikarudi kwa mbwa kutoka nje ya kisiwa. Kampeni zikaanza upya, na kufikia Oktoba 2018 kikadhibitiwa tena. Lengo la kuchanja asilimia 70 ya mbwa linajulikana kila mahali. Kinachosahaulika ni kwamba mbwa wetu wana maisha mafupi na vitoto vinazaliwa kila siku, hivyo asilimia 70 ya mwaka huu inamomonyoka kabla ya mwaka ujao. Inakadiriwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na takriban wanne kati ya kumi ni watoto wa chini ya miaka 15. Bosi anayehamisha bajeti ya chanjo kwa sababu "mwaka huu hakuna mgonjwa" amesoma takwimu kichwa chini.

"Kutunza wanyama namna hii ni mambo ya Wazungu na matajiri"

Kwa hili sina maneno mengi. Nenda Lamu. Punda ndiye gari la mji, na kliniki ya punda ipo tangu mwaka 1987, wenye punda wakiingia na kutoka. Kenya ilipopiga marufuku machinjio ya punda mwaka 2020, na Umoja wa Afrika kusimamisha biashara ya ngozi zao mwaka 2024, waliopiga kelele zaidi kutaka hatua hizo walikuwa watu ambao punda huwabebea maji na matofali.

"Mwanamke hawezi kazi ya ng'ombe"

Wanaosema hivi wameona uzazi mgumu ukishughulikiwa na wanaume sita wanaovuta kamba. Hiyo ndiyo njia ya kuvunja miguu ya ndama na kumchana mama yake. Ndama aliyekaa vibaya husukumwa ndani kwanza, miguu inapangwa mmoja mmoja kwa mkono uliolainishwa, kamba inafungwa juu ya kifundo, na anavutwa pale tu ng'ombe mwenyewe anaposukuma. Mkono mwembamba ni faida. Marekani wanawake ni takriban wanne kati ya kila wanafunzi watano wa udaktari wa wanyama. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani liliongozwa na Monique Éloit kuanzia 2016, na tangu 2024 linaongozwa na Emmanuelle Soubeyran. Zoetis, kampuni kubwa kuliko zote za dawa za wanyama, ina Kristin Peck juu yake tangu Januari 2020, na yeye hata hakusomea tiba ya wanyama. Alitoka upande wa biashara.

"Anayependa wanyama atafurahia kazi hii daima"

Ajira nyingi hutolewa kwa swali hilo moja, "unapenda wanyama?", kana kwamba mapenzi ni mshahara. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, uliochunguza vifo vya madaktari wa wanyama kati ya 1979 na 2015, ulikuta wanaume walikuwa na uwezekano mara 2.1 na wanawake mara 3.5 wa kufa kwa kujiua kuliko watu wa kawaida. Mwenye kupenda ndiye anayeumia zaidi mteja anapomrudisha mbwa nyumbani kufa kwa sababu hela ya upasuaji haipo, halafu akamtukana mlangoni kwamba hana huruma. Kumlaza mnyama asiamke tena kuwekwe kwa zamu. Asifanye mtu mmoja mara nne siku moja. Na mteja anayetukana ajibiwe na mwenye kliniki, asiachiwe binti wa mapokezi.

"Kliniki ikinunuliwa na kampuni kubwa, mambo yatanyooka"

Huku kwetu wimbi hili bado ni dogo, ila wenye mitaji wameanza kuuliza bei. Uingereza wametangulia: mwaka 2013 karibu asilimia 10 ya kliniki zilikuwa za makundi makubwa, na muongo mmoja baadaye zilikaribia asilimia 60, nyingi zikiwa mikononi mwa kampuni sita. Vifaa viliongezeka, na malalamiko ya bei nayo yakaongezeka. Mei 2024 mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo ilianza uchunguzi rasmi wa soko. Miongoni mwa mambo yaliyoitia shaka ni kwamba kliniki nyingi zilizonunuliwa zilibaki na jina lilelile mlangoni, hivyo mwenye mbwa alikuwa akilinganisha bei za kliniki mbili bila kujua kwamba zote ni za tajiri mmoja.