Kidole Kikikataa

Mama mmoja anayeuza nazi soko la Kongowea alikuwa mbele yangu kwenye foleni ya mapokezi, katika hospitali moja hapa Mombasa. Kijana wa kaunta akamsogezea kikasha kidogo chenye kioo. Mama akabonyeza kidole gumba. Kimya. Akabonyeza tena. Kijana akakipangusa kioo kwa mkono wa shati, akamwambia, "Mama, hebu sugua kidole kwenye paji la uso, halafu weka tena." Mama akasugua, akaweka. Nyuma yetu watu wakaanza kuguna. Kidole cha shahada, cha kati, vyote vikakataliwa.

"Mwanangu," akasema mama, "mimi ndiye mimi. Sasa nikupe kidole gani?"

Mimi hufundisha usalama wa data katika chuo kimoja hapa mjini, na sehemu ya kazi yetu ni kuwaelimisha wananchi kuhusu haya mambo. Siku ile, badala ya kufundisha, nilisimama tu na karatasi zangu mkononi.

Ushauri wa paji la uso si uganga. Ngozi ya paji ina mafuta, na kidole kikavu hakishiki vizuri kwenye kioo, kwa hiyo mafuta kidogo husaidia mistari ionekane. Tatizo la mama lilikuwa kubwa zaidi: anafua makumbi, anakuna nazi, anasugua sufuria kila siku ya Mungu. Mistari ya vidole, ile aliyotoka nayo tumboni mwa mamake, imelika. Hiyo ndiyo hali ya fundi wa saruji, mchonga mawe, mvuvi avutaye kamba ya nailoni, na hata wazee wengi ambao ngozi imekonda kwa umri tu. Hata hina na piko, zikikolezwa mpaka kwenye ncha za vidole kwa ajili ya harusi, zinaweza kuisumbua mashine inayosoma kwa mwanga, kwa sababu weusi wa piko hufunika tofauti ya bonde na tuta, yaani vijifereji na vijinundu vya ngozi vinavyofanya mistari ya kidole. Bi harusi, ukiwa na miadi ya pasipoti, nenda kabla ya siku ya kuchorwa.

Mashine yenyewe haitazami kidole kama unavyokitazama wewe. Inatafuta mahali mstari unapokatika au unapogawanyika mara mbili, inapima umbali na pembe baina ya sehemu hizo, kisha inageuza yote kuwa tarakimu. Tarakimu hizo ndizo hulinganishwa na zile ulizoacha siku ya kusajiliwa. Hazilingani sawasawa hata siku moja, maana hakuna anayeweka kidole vilevile mara mbili. Kwa hiyo mwenye mfumo huamua: zikifanana kiasi gani, tuseme ni yeye? Ni kama kumpa bawabu maagizo. Ukimwambia awe mkali, atawafungia nje hata wenye nyumba. Ukimwambia alegeze, wageni wataingia. Bawabu asiyekosea kabisa hajazaliwa.

Sasa piga hesabu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa. Tuseme bawabu huyo humkataa mtu halali mara moja tu kwa mia. Karibu watu 12,000 wangebaki nje ya mlango, na kwa kadiri ninavyowaona, wengi wao ni wale wale wanaoishi kwa kazi za mikono.

Sisemi hivi kuipinga teknolojia. Sababu za kuenea kwake ni za kweli. Hospitali zimewahi kudai malipo ya wagonjwa hewa, ofisi zimelipa mishahara ya wafanyakazi hewa (ndiyo maana serikali iliwasajili watumishi wa umma kwa alama za vidole mwaka 2014), na namba ya siri huibwa kwa simu moja ya tapeli mwenye maneno matamu. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya hospitali ya taifa, Oktoba 2024, imekuwa ikisogea kwenye alama za vidole ili alipiwe yule aliyefika kweli hospitalini. Tume ya uchaguzi, IEBC, ilianza kuwasajili wapiga kura kwa bayometriki, yaani kwa alama za mwili kama vidole, kabla ya uchaguzi wa 2013. Uhindi, kupitia mpango wake wa utambulisho uitwao Aadhaar, imesajili watu zaidi ya bilioni 1.3 kwa vidole, mboni za macho na sura, na mamilioni ya watu hufungua akaunti za benki kwa namba ya Aadhaar na kidole. Uchumi unaotaka kumfikia kila mtu lazima kwanza umjue ni nani. Hilo ninalikubali.

Hata hivyo kuna jambo moja ambalo watu wetu hulichanganya, nami nitalikalia kidogo. Unapofungua programu ya benki kwenye simu yako kwa kidole, alama yako haiendi benki. Imefungiwa ndani ya simu, na benki huambiwa tu "ndiye" au "siye". Unapoweka kidole kwenye mashine ya ofisi au ya godauni unakofanya kazi, mara nyingi alama huenda kukaa kwenye kompyuta ya mtu mwingine, pamoja na za wenzako wote. Kitendo ni kilekile, kidole kwenye kioo, lakini hatari zake hazifanani hata kidogo. Namba ya siri ikivuja unaibadilisha kabla ya chai kupoa. Mwaka 2015 iligunduliwa kwamba wezi wa mtandaoni waliingia kwenye kumbukumbu za ofisi ya wafanyakazi wa serikali kuu ya Marekani wakaondoka na alama za vidole za watu milioni 5.6. Hao hawana pa kwenda kuomba vidole vingine.

Wakenya hawakuanza jana kuogopa jambo hili, na woga wao una historia. Sheria ya kipande ilitungwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba karatasi yenye alama zake za vidole, ndani ya kijisanduku cha chuma kilichoning'inizwa shingoni, ili mwajiri na polisi wamjue alikotoka na nani amemruhusu kuondoka. Kuna wazee ambao mpaka leo wakisema "kipande" wanamaanisha kitambulisho. Neno limelainika, sina hakika kumbukumbu nayo imelainika.

Kwa hiyo Huduma Namba, ile namba moja ya kumtambulisha kila mtu, ilipokuja mwaka 2019 na foleni zake, haikushangaza kwamba ilifikishwa mahakamani. Januari 2020 Mahakama Kuu ilikataa ukusanyaji wa vinasaba na wa mahali halisi mtu anapoishi kwa GPS, ikasema mfumo uendelee pindi tu sheria za kuulinda zitakapokuwepo. Oktoba 2021 mahakama ikaamua tena kwamba kadi zilitolewa bila kwanza kupima madhara kwa faragha ya watu. Mwaka 2023 ikaja hadithi ya Worldcoin, mradi wa kigeni wa sarafu za kidijitali: vijana wakapiga foleni Nairobi kupigwa picha ya mboni za macho kwa sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha shughuli hiyo mwanzoni mwa Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data iliyokusanywa ifutwe. Kwa maoni yangu, uamuzi huo una maana kubwa kwa mtu wa kawaida: ridhaa inayonunuliwa kwa mwenye njaa si ridhaa.

Kwa Pwani kuna la ziada. Mashine ya alama za vidole humtambua aliyesajiliwa tu. Wamakonde wa Kwale waliishi hapa vizazi na vizazi bila vitambulisho hadi walipotambuliwa mwaka 2016, na Wapemba wakafuata 2023. Kwa mtu ambaye bado hajasajiliwa, kila huduma inayohamishiwa kwenye kidole ni mlango mwingine unaofungwa, hata kama vidole vyake ni laini kama vya mtoto.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka data za kibayometriki katika fungu la data nyeti. Maana yake, anayekuomba kidole anatakiwa akwambie anakitakia nini, nani mwingine atakiona, na una haki ya kuomba kuona alichohifadhi, kirekebishwe kikiwa na makosa, au kifutwe kikiwa hakihitajiki tena. Data ikivuja kwa namna ya kukuhatarisha, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72. Malalamiko hayahitaji wakili wala Kiingereza cha mahakamani: sheria inaruhusu uyatoe hata kwa mdomo, nao wayaandike, na yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Mwajiri wako wa zamani bado ana kidole chako? Muulize kwa maandishi, uhifadhi nakala.

Nikiulizwa swali moja la kupimia mfumo wowote wa namna hii, huuliza: akikataliwa mtu halali, anahudumiwa vipi? Si kwa fadhila ya karani mwenye huruma, kwa utaratibu ulioandikwa. Kitambulisho na picha, namba ya siri, msimamizi mwenye mamlaka ya kuthibitisha kwa macho. Na siku ya kusajiliwa, omba vidole vyote kumi vichukuliwe, si gumba peke yake. Kama una kazi ya mikono, paka mafuta ya nazi usiku uliotangulia, asubuhi uvioshe kwa maji na uvikaushe. Mhudumu naye apanguse kioo kabla ya mteja, si baada ya mteja kuaibika.

Yule mama alihudumiwa mwishowe. Kijana alikwenda kumwita mkubwa wake, dada mmoja wa makamo, ambaye alimwamkia kwanza, kisha akakishika kile kiganja na kukitazama kidole baada ya kidole kwenye mwanga wa dirisha. Akachagua cha pete, cha mkono wa kushoto, ule usioshika mbuzi ya kukunia. Taa ikawaka kijani. Nilikutana naye Kongowea wiki chache baadaye, nikamuuliza kama amerudi hospitali. Akacheka, akaninyoshea mkono wa kushoto. Kidole cha pete alikuwa amekifunga kitambaa, kisichubuke.