Je, wajua? Pesa ya kukodi ukumbi wa kaunti hainunui balbu ya ukumbi huo

Tuseme kikundi cha maigizo kimekodi ukumbi wa kaunti mjini Kisumu kwa shilingi 5,000. Kimelipa kwa simu, risiti imeingia, mlango umefunguliwa. Jukwaani balbu mbili kati ya nane ndizo zinazowaka, na soketi nzima ni moja. Ukumbi hukodishwa karibu kila wikendi. Mbona basi haubadilishiwi hata balbu?

Jibu la haraka ni kwamba pesa imeliwa. Wizi upo, na ukijulikana ushtakiwe. Lakini hata katika kaunti ambayo hakuna shilingi iliyopotea, balbu zile zingeweza kukaa miezi bila kubadilishwa. Tena, mtunza ukumbi akichukua 400 kutoka kwa malipo ya Jumamosi, akanunua balbu, akaleta risiti na chenji yote, yeye mwaminifu ndiye atakayekuwa amevunja sheria.

Katiba ya Kenya ya 2010, Kifungu cha 207, inataka mapato ya kaunti yaingie kwenye Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa yale yaliyoondolewa na sheria ya Bunge. Ada ya ukumbi huingia humo pamoja na ya soko na ya maegesho. Kutoa pesa humo kunahitaji bajeti iliyopitishwa na bunge la kaunti, kisha idhini ya Msimamizi wa Bajeti, ofisa wa kitaifa anayeruhusu pesa za umma kutolewa. Baada ya hapo ndipo ununuzi uanze.

Fikiria chama cha akina mama wa mtaa wa Nyalenda, Kisumu, chenye hema na viti vya kukodisha. Anayevitunza hupokea pesa ya kila sherehe, lakini haiweki kwenye pochi yake. Huipeleka kwenye akaunti ya chama. Kiti kikivunjika, anasubiri mkutano, na hundi inahitaji sahihi za watu wawili. Mkutano ukifika, kuna mwenzao aliyefiwa, na pesa ya viti inakwenda kwenye mazishi. Hakuna aliyeiba, na kiti bado kimevunjika. Lakini mtunza viti akiruhusiwa kujilipa mwenyewe, baada ya miezi sita hakuna atakayejua viti vimeingiza kiasi gani. Ndiyo maana hazina ni moja, na sababu hiyo ni nzuri.

Ukumbi huumia zaidi kwa sababu balbu ni matumizi ya kawaida, fungu moja na mishahara na mafuta ya magari. Mgao kutoka Nairobi ukichelewa, mishahara hulipwa kwanza. Jengo jipya, kwa upande wake, ni maendeleo, ambayo sheria ya fedha za umma ya 2012 huyatengea angalau asilimia 30 ya bajeti. Hivyo kaunti inaweza kujenga ukumbi wa mamilioni na kukosa taa za kuumulika. Iwe Kakamega, Bungoma au Nakuru, kanuni ni hiyo hiyo.

Hospitali zimepata mlango wa kutokea. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha sheria inayoruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na ada vinazokusanya na kuzitumia. Kumbi za sanaa zinastahili kufikiriwa vivyo hivyo.

Kwa sasa kazi iko kwenye kalenda. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka hufika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, kwa mwaka unaoanza Julai 1. Kikundi kinachojitokeza mwezi wa Mei hukuta mafungu yamekwisha kugawanywa. Nendeni kwenye vikao vya umma mapema, mkiwa na barua.

Kosa kubwa katika barua hizo ni kuandika “ukarabati wa ukumbi”. Maneno hayo huishia kwenye rangi na mabati. Andikeni: balbu 6, chini ya matengenezo ya kawaida ya idara ya utamaduni. Laini mpya ya stima ya jukwaa iombeni kando, chini ya maendeleo, na mweleze sababu: soketi ya ampea 13 kwa volti 240 hubeba wati 3,120 tu. Taa nne za wati 1,000 zikichomekwa humo kwa kebo moja, plagi huchemka na fyuzi inaweza kuungua katikati ya onyesho. Ombeni pia masurufu ya kudumu ya ukumbi, yaani kiasi kidogo kinachojazwa upya risiti zikiletwa. Hiyo ndiyo njia halali ya mtunza ukumbi kununua balbu siku ile ile.

Viingilio ni jambo jingine. Kikundi kikishalipa ada ya ukumbi, pesa ya mlangoni ni yake, haiingii kwenye hazina. Vikundi vitatu au vinne vinavyotumia ukumbi mmoja vinaweza kuchangia taa zao wenyewe, vizifungie kwenye sanduku, na kuzibeba kila onyesho likiisha.