Je, wajua redio na rejeta ni ndugu?

Katika gereji nyingi utavikuta vyote viwili: fundi anachungulia rejeta inayovuja, na pembeni redio inasoma taarifa ya habari. Kimoja kinapoza injini, kingine kinaleta sauti. Majina yao lakini ni ya ukoo mmoja, uzao wa neno la Kilatini radius. Katika ukoo huohuo limo neno la Kiingereza radiate, yaani kutoka kwenye kitovu na kuenea kuelekea pande zote.

Kwa Warumi, radius ilikuwa kijiti au fimbo. Mtaalamu wa hesabu alichorea maumbo mchangani kwa fimbo ya jina hilo, na gurudumu lilishikiliwa na vijiti vya jina hilo, ambavyo sisi tunaviita spoki. Tazama gurudumu la mbao la mkokoteni: spoki zimebanana pale kitovuni, kisha zinanyooka kila upande, na kadiri zinavyoukaribia ukingo ndivyo zinavyoachana. La baiskeli litakupotosha kidogo, maana spoki zake kwa kawaida hupishana, mtindo ambao Mwingereza James Starley aliupatia hataza mwaka 1874. Warumi walipoinua macho waliona umbo lilelile juani. Mwale nao ukaitwa radius, na kutoa miale kukaitwa radiare. Kwenye baadhi ya sarafu zake, mfalme Nero amevaa taji lenye miale iliyochomoza, utadhani yeye ndiye jua. Hakuwa mtu wa unyenyekevu.

Kiingereza kilianza kulitumia neno radiate mwanzoni mwa karne ya 17. Si kila kuenea kunaitwa hivyo. Maji yaliyomwagika sakafuni hufuata mteremko, na umbea hupita mdomo hadi mdomo. Hayo yana maneno yake. Radiate hudai pawe na mahali pa kuanzia. Joto la jiko la mkaa linafaa. Barabara 12 zinazotoka kwenye mnara wa Arc de Triomphe, Paris, zinafaa. Daktari pia hulitumia anapoeleza maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkono wa kushoto.

Gurudumu lile linaeleza pia kwa nini taa ya mbali ni hafifu. Ukienda mara mbili ya umbali kutoka kitovuni, nafasi kati ya spoki inakuwa mara mbili. Nuru haikai kwenye bapa kama gurudumu; inatawanyika juu, chini na ubavuni, kwa hiyo ukiwa mara mbili ya umbali unapata robo tu ya mwanga ule wa mwanzo.

Mwaka 1898, Marie na Pierre Curie walipogundua elementi inayotoa mionzi yenyewe bila kuwashwa na chochote, waliiita radiamu. Wataalamu wa mawasiliano nao walikuwa na mawimbi yanayosambaa kutoka kwenye mtambo, na mkataba wa kimataifa uliofikiwa Berlin mwaka 1906 ukabeba neno radio kwenye jina lake. Waingereza waliendelea kwa miaka mingi kukiita chombo hicho kwa neno lenye maana ya "kisicho na waya". Kwetu kulikuwa na jina tamu zaidi, simu ya upepo, lakini redio ikashinda.

Rejeta ndiyo yenye kichekesho. Jina lake linasema inatoa joto kwa mionzi, kumbe sehemu kubwa ya joto hilo huchukuliwa na hewa inayopita kati ya vile vibati vyake vyembamba. Ndiyo maana feni ikifa ukiwa kwenye foleni, injini inachemka hata kama maji yamejaa.

Radi, ile ya mvua, usiiingize kwenye ukoo huu. Hiyo tumeipata kutoka Kiarabu, na kufanana kwake na redio ni bahati tu.

Wanabiolojia wamelipeleka neno radiate hadi Ziwa Victoria. Jamii moja ya viumbe ikitawanyika na kuzaa spishi nyingi, kila moja na riziki yake, wao huona mistari inayotoka kitovu kimoja, na huita tukio hilo kwa jina lilelile la mionzi. Mfano wanaoupenda ni furu, wale samaki wadogo wanaouzwa kwa mafungu. Ziwa lilikauka na kujaa tena takriban miaka 15,000 iliyopita, na tangu hapo zimetokea spishi za furu zinazokadiriwa kufikia 500: wala konokono, wakwangua mwani kwenye mawe, na wengine wanaonyang'anya mayai kutoka mdomoni mwa furu wenzao, kwa kuwa mama furu huatamia mayai yake mdomoni.