Tasnifu si mswada: dhana zinazowazuia wauguzi wa Kisumu na Magharibi kuchapisha utafiti wao

Februari 2007 jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanyika Kisumu kwa vijana wa kiume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24, uliopima kama tohara inapunguza hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI. Pamoja na tafiti nyingine mbili za Uganda na Afrika Kusini, kazi hiyo ilifanya Shirika la Afya Duniani libadilishe mwongozo wake mwaka huohuo. Naitaja kwa sababu wauguzi wengi waliosomea uzamili katika vyuo vikuu vya Maseno, Masinde Muliro au Baraton huamini kwamba majarida ya utafiti si ya watu wa huku. Kazi nzuri wanazo, nazo ni tasnifu, yaani ripoti za utafiti walizoandika ili wahitimu. Zimejaladiwa jalada gumu, zimewekwa kwenye rafu ya maktaba, na tangu siku ya mahafali hakuna aliyezifungua. Mama mjamzito aliyekubali kuhojiwa kwa nusu saa akiwa kwenye foleni ya kliniki alitupa muda wake akitumaini kwamba maneno yake yatafika mahali. Hiyo ni amana, na yapo mambo yanayosemwa kwenye vyumba vya wauguzi yanayotuzuia kuitimiza.

"Tasnifu imepita kwa jopo, kwa hivyo mswada uko tayari"

Hapa ndipo kazi nyingi hukwama. Tasnifu huandikiwa mtahini, ili aone kwamba mwanafunzi amesoma. Ndiyo maana sura ya pili hupitia kila nadharia, na sura ya tatu hueleza maana ya sampuli nasibu (watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu) kwa mtu aliyeijua zamani. Mswada ni makala unayoituma kwa jarida, na msomaji wa jarida ni muuguzi mwenzako, labda yuko Tamale, Ghana, au Manila, Ufilipino, na ana maswali manne: ulitaka kujua nini, ulifanyaje, ulipata nini, na matokeo hayo yana maana gani kwa kazi yake. Utangulizi, mbinu, matokeo na mjadala hujibu maswali hayo kwa mpangilio huohuo.

Majarida mengi ya uuguzi huweka kikomo cha maneno kati ya 3,000 na 5,000, na ikisiri (muhtasari wa mwanzo) ya maneno 250 au 300. Tasnifu ya kurasa 90 haifiki hapo kwa kufuta sentensi moja hapa na nyingine pale. Lazima uchague. Tuseme muuguzi wa Ahero alichunguza kwa nini akina mama huchelewa kuanza kliniki ya wajawazito, akawa na malengo matano: umri, elimu, umbali, nauli ya bodaboda, na namna wahudumu wanavyowapokea. Akikuta kwamba mapokezi ndiyo yaliyojitokeza kwa nguvu, basi makala yake ni kuhusu mapokezi, na hayo mengine yatatosha katika jedwali moja. Nashauri uanze na majedwali yenyewe kabla ya kuandika aya yoyote. Jedwali mbili au tatu zilizo safi zitakuonyesha mara moja ni nini hasa ulichonacho cha kusema. Lakini usijaribu kutoa makala matano kwa malengo matano yaleyale. Wahariri huona huko ni kuukatakata utafiti mmoja ili idadi ionekane kubwa.

Wengi huhofia kwamba tasnifu ikishawekwa kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo imehesabiwa kuwa imechapishwa. Majarida mengi hayaihesabu hivyo. Soma sera ya jarida, kisha utaje tasnifu hiyo waziwazi katika barua yako kwa mhariri. Programu ya kupima mfanano wa maandishi itakapoonyesha kwamba mswada unafanana na tasnifu, mhariri atajua sababu. Hakuna asilimia moja ya mfanano inayokubalika na majarida yote ya dunia. Mhariri huangalia mfanano uko wapi, na ule ulio kwenye maelezo ya mbinu haumsumbui kama ule ulio kwenye mjadala.

"Utafiti wa wodi moja ya Nakuru hauna uzito ng'ambo"

Swali la kwanza la mhariri ni kama jambo lako linawahusu wasomaji wake. Ukubwa wa utafiti huja baadaye. Mswada unaweza kurudishwa ndani ya siku chache bila kufika kwa wahakiki, yaani wataalamu wanaousoma na kuutolea maoni, na mara nyingi sababu ni kwamba umepelekwa kwenye jarida lisiloshughulikia jambo hilo, au mwandishi hakufuata maagizo ya waandishi. Chagua jarida kabla ya kuandika. Soma ukurasa wa malengo yake na makala zake za karibuni. Africa Journal of Nursing and Midwifery na International Journal of Africa Nursing Sciences yaliundwa kwa ajili ya uuguzi wa bara hili, na wasomaji wake wanajua wodi yenye wagonjwa wengi na muuguzi mmoja wa zamu ya usiku inavyokuwa.

Msomaji wa mbali hajui hilo. Hajui hospitali ya kiwango cha 4 ni nini, wala kwamba mfumo wetu wa afya hapa Kenya una viwango sita kuanzia huduma ya kijijini hadi hospitali za kitaifa za rufaa. Sentensi tatu za kueleza mahali ulipofanyia utafiti, nani huja hapo na wauguzi ni wangapi kwa zamu, huupa utafiti mdogo uzito ambao hesabu ngumu haziwezi kuupa. Hii ndiyo sehemu ambayo sisi huiruka zaidi ya zote, kwa kuwa kwetu ni mambo ya kila siku.

Kuna pia orodha za ukaguzi, yaani za mambo ambayo makala ya utafiti inapaswa kuyataja, zinazopatikana bure kupitia EQUATOR, mtandao wa kimataifa wa kuboresha uandishi wa tafiti za afya: STROBE yenye vipengele 22 kwa tafiti za uchunguzi (zinazotazama hali bila kuibadilisha), COREQ yenye vipengele 32 kwa mahojiano na makundi ya majadiliano. Nyingi ya kasoro ambazo wahakiki hulalamikia zimo humo. Ipitie orodha ukiwa unaandika, wala usingoje usiku wa kutuma. Na ukikuta kwamba mafunzo uliyowapa wauguzi wenzako hayakubadilisha chochote, hayo nayo ni matokeo. Yaandike.

"Chati ni za hospitali yetu, kibali cha nini?"

Kusoma chati kwa ajili ya kumtibu mgonjwa ni kazi. Kuzisoma kwa ajili ya kuchapisha ni utafiti, na utafiti unahitaji kibali cha kamati ya maadili iliyoidhinishwa. Leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, inayotokana na sheria ya sayansi, teknolojia na ubunifu ya mwaka 2013, ni jambo tofauti na kibali cha maadili. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine, na hospitali yenyewe nayo itataka ruhusa yake. Jarida litakuuliza jina la kamati na nambari ya kibali. Kamati za maadili haziidhinishi utafiti uliokwisha kufanyika, kwa hivyo aliyeanza kukusanya data bila kibali hana pa kurudi.

Tena, kuondoa jina la mgonjwa hakutoshi. Mama wa miaka 47 aliyejifungua watoto watatu kwa mpigo katika zahanati fulani ya Nyando, mwezi fulani, anajulikana na soko zima hata usipomtaja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inaziweka taarifa za afya ya mtu katika kundi la data nyeti. Taja umri kwa makundi, usitaje zahanati, na ukitaka kutumia kisa cha mtu mmoja, tafuta ridhaa yake ya maandishi ya kuchapisha, ambayo si ileile aliyoitoa ya kutibiwa.

"Mkubwa wa idara lazima jina lake liwemo"

Najua uzito wa jambo hili. Mtu amekupa ruhusa ya kuingia wodini, amekuwekea zamu zinazokuruhusu kusoma, na heshima yetu inadai shukrani. Lakini shukrani ina sehemu yake katika makala, nayo inaitwa shukrani. Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, imeweka masharti manne ya kuwa mwandishi: umechangia kwa kiasi kikubwa katika kubuni utafiti, kukusanya data au kuzichambua, umeandika mswada au kuuhariri kwa kina, umeidhinisha toleo la mwisho, na umekubali kuwajibika kwa kazi nzima. Yote manne kwa pamoja. Msimamizi wa tasnifu aliyeusoma na kuuhariri mswada huenda ameyatimiza. Mkuu wa idara aliyetia sahihi barua ya ruhusa hajayatimiza.

Upande wa pili unaniuma zaidi. Muuguzi aliyefanya kazi yote, kuanzia dodoso hadi rasimu ya kwanza, anakuja kuona jina lake ni la nne, au halimo kabisa, kwa kuwa yeye ni "wa diploma tu". Cheti hakimo katika masharti hayo manne. Kaeni pamoja kabla ya kuanza kuandika, mkubaliane nani ni mwandishi na majina yatafuatana vipi, kisha mtumiane makubaliano hayo kwa baruapepe ili pawe na kumbukumbu.

"Kuchapisha ni pesa, mwenye nazo hupita"

Dhana hii ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote. Vyuo vikuu vingi humtaka mwanafunzi wa uzamili aonyeshe makala kabla ya kuhitimu, tarehe inakaribia, na hapo ndipo baruapepe inapoingia: "Mtafiti mashuhuri, tumevutiwa na kazi yako." Inaahidi uhakiki wa siku tatu na ada nafuu. Mtu analipa, makala inatokea mtandaoni, na hakuna mhakiki aliyeisoma. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani waliochunguza uwanja wa uuguzi peke yake walipata majarida 140 ya kitapeli. Ubaya wake hauishii kwenye pesa. Makala ikishatokea huko, jarida la kweli haliwezi kuichapisha tena, na ukiomba iondolewe unaweza kudaiwa ada nyingine. Ushahidi wa yule mama mjamzito wa foleni ya kliniki umezikwa mahali ambapo hakuna mtunga sera wala mwalimu wa wauguzi atakayeuamini.

Ukweli ni kwamba majarida mengi yanayoishi kwa ada za wasomaji na maktaba hayamtozi mwandishi chochote. Baadhi ya yale yanayosomwa bure na kila mtu ndiyo hutoza ada ya kuchapisha, na kwa wachapishaji wakubwa ada hiyo inaweza kuvuka dola 2,000. Lakini mengi yana msamaha au punguzo kwa nchi za kipato cha chini na cha kati cha chini, kundi ambalo Kenya imo. Yasome masharti kabla ya kutuma na uombe unapotuma, kwani wachapishaji wengine hawapokei ombi baada ya makala kukubaliwa. Uamuzi wa mhariri kuhusu mswada haupaswi kugusa suala la ada hata kidogo.

Namna ya kulitambua jarida la kweli si ngumu. Litafute katika orodha ya DOAJ, iliyoanza 2003 na huorodhesha majarida yanayosomwa bure. Likidai limo Scopus, hifadhidata kubwa ya majarida ya utafiti, nenda ukalitafute kwenye tovuti ya Scopus yenyewe, kwa maana nembo hunakiliwa na yeyote. Tafuta majina ya wahariri kwenye kurasa za vyuo vyao. Fungua makala mbili za zamani uzisome: zikiwa zimejaa makosa ambayo mwanafunzi wa mwaka wa pili angeyaona, umeshapata jibu. Na umuulize mkutubi wa chuo chako, ambaye kazi hii anaijua kuliko wengi wetu wanavyodhani.

Wapo pia wanaoshauri utume mswada kwa majarida matatu kwa wakati mmoja ili mojawapo lijibu upesi. Usifanye hivyo. Unapotuma, unatamka kwamba mswada hauko kwingine, na ukigundulika unaweza kukataliwa kote. Kuhusu Kiingereza, mhariri anataka sentensi fupi zinazoeleweka, na maneno mazito hayamsaidii mtu. Programu za akili unde zinaweza kukunyooshea sentensi, lakini tangu 2023 ICMJE imesema haziwezi kuwa mwandishi na lazima utamke ulivyozitumia. Zina tabia ya kubuni marejeleo ya makala zisizokuwepo, kwa hivyo fungua kila rejeleo ulione kwa macho yako.

"Wametaka marekebisho makubwa, yaani wamenikataa kwa adabu"

La hasha. Mhariri aliyetaka kukataa angekataa. Marekebisho makubwa yana maana kwamba mlango uko wazi, na nasikitika kila ninaposikia mtu aliyepokea barua kama hiyo akaiacha hadi muda ukapita. Iache siku mbili, hasira ishuke. Kisha nakili kila hoja ya kila mhakiki kwenye faili moja, na chini ya kila hoja uandike ulichobadilisha na kiko ukurasa gani. Muda ukiwa mfupi kwa sababu ya zamu, mwandikie mhariri umwombe nyongeza kabla ya siku ya mwisho, wengi hukubali.

Unaruhusiwa pia kutokubaliana na mhakiki. Akitaka uongeze wahojiwa wakati utafiti umeshafungwa na kibali kimekwisha, mweleze hivyo kwa heshima, ukitaje kibali na tarehe zake, kisha uandike katika sehemu ya mipaka ya utafiti kwamba sampuli ilikuwa ndogo na jinsi hilo linavyoathiri matokeo.