Je, wajua kwa nini fulana ya pamba hurudi ikifuliwa?

Fulana mpya inajaribiwa dukani, inakaa vizuri mabegani, inavuka kiuno kwa vidole vinne. Inafuliwa mara mbili tatu, na sasa mwenyewe akinyoosha mkono kufikia rafu ya juu tumbo liko nje. Wengi wakipatwa na hili hulaumu kimoja kati ya viwili: maji yalikuwa ya moto mno, au muuzaji kawapa pamba ya bandia. Lawama zote mbili huzaa uamuzi mbovu safari ijayo. Anayelaumu maji ya moto atafua kwa maji baridi akidhani yuko salama. Anayelaumu pamba ya bandia atatafuta fulana ya pamba tupu kwa bei ya juu zaidi, nayo itarudi vilevile.

Tuanze na joto, maana imani hii imekita mizizi. Poliesta, ambayo ni jamii ya plastiki, kweli hujikunja ikikutana na pasi kali, na nyuzinyuzi zake zenyewe hufupika. Pamba si plastiki. Imeundwa kwa selulosi, ileile inayojenga kuta za seli za mimea, na selulosi haiyeyuki. Ukiizidishia joto hugeuka rangi kisha huungua, kama anavyojua kila aliyesahau pasi juu ya shati jeupe. Isitoshe, loweka fulana mpya ya pamba kwenye ndoo ya maji ya bomba, ianike, kisha ipime. Mara nyingi utaikuta imepungua, na hakuna aliyewasha jiko.

Kinachoshangaza zaidi ni vipimo vya unyuzinyuzi wenyewe. Ukilowa, unyuzinyuzi wa pamba huongezeka unene kwa takriban asilimia 20, na urefu kwa asilimia 1 hivi. Huongezeka, haupungui. Ukikauka, unakuwa kama ulivyokuwa. Kwa hiyo swali lenyewe ni gumu kuliko lilivyoonekana mwanzoni: inakuwaje kitambaa kilichoundwa kwa vitu vinavyorefuka kidogo majini kitoke ndooni kikiwa kifupi?

Jibu limo katika kamba ya katani. Aliyefunga turubai kwa kamba hiyo siku ya jua anajua kinachofuata mvua ikinyesha: kamba inakaza, fundo linagoma kufunguka, na kigingi dhaifu kinaweza kung'oka. Ndani ya kamba ile nyuzinyuzi hazikulala zimenyooka. Zimesokotwa, kila mmoja unazizunguka nyingine kutoka ncha hadi ncha. Maji yakiingia zote zinavimba, na kamba nzima inanenepa. Kuuzunguka unene huo mpya mara moja tu kunahitaji urefu mkubwa kuliko mwanzo. Urefu huo utoke wapi? Ile asilimia moja ya nyongeza haitoshi. Kinachobaki ni ncha mbili za kamba kusogeleana.

Kitambaa cha kufuma hufanya hivyohivyo. Kina mtande, yaani nyuzi za urefu, na mshindio, yaani nyuzi zinazokatiza kwa upana. Kila uzi wa mtande hupita juu ya uzi mmoja wa mshindio na chini ya unaofuata, hivyo hivyo hadi mwisho wa jora. Mshindio ukivimba, mtande unalazimika kupanda na kushuka zaidi, na kwa kuwa urefu wake ni uleule, unaivuta mishindio ikaribiane. Kitambaa kikikauka nyuzi zinapungua unene, lakini hakuna nguvu ya kuzitenganisha tena. Msuguano unazishikilia pale pale.

Hiyo ni nusu ya kisa. Nusu ya pili ilianza kiwandani, ambako kitambaa hufumwa nyuzi zikiwa zimevutwa, hupita kwenye maji ya rangi kikivutwa, hukaushwa na kuviringishwa kikivutwa. Kikikaukia katika hali hiyo hubaki kimenyoshwa kupita umbo lake la utulivu, nacho hubaki hivyo rafuni miezi na miezi. Maji ya kwanza hulegeza mshiko kati ya uzi na uzi, na kitambaa kinajirudia. Kwa kuwa mashine huvuta zaidi kwa urefu, urefu ndio unaopungua zaidi. Fulana huonyesha hili waziwazi, maana yenyewe haina mtande wala mshindio. Ni vitanzi vidogo vilivyoshikana. Mashine ilivivuta vikawa virefu na vyembamba, maji yanaviachia viwe vya mviringo. Maelfu ya vitanzi vikifanya hivyo kwa pamoja, fulana inatoka fupi na pana. Ndiyo maana inapanda juu ya kiuno ilhali kifuani haibani.

Joto nalo lina sehemu yake, si haki kulifuta kabisa. Maji ya moto huharakisha mambo, na mashine ya kukaushia inayozungusha nguo hufanya kazi kubwa zaidi, kwa kuwa inazitikisa nyuzi zikiwa bado na unyevu hadi zipate pa kutulia. Kwa wanaofua kwa mkono na kuanika kambani safari ni ileile, ila ya polepole. Fulana iliyoning'inia ikichuruzika hata huvutwa na uzito wa maji yake, ikaonekana haijapungua. Kiasi gani nguo fulani itarudi ni vigumu kukisia kwa macho, kwa sababu kinategemea msokoto wa uzi, ukazo wa ufumaji na namna kiwanda kilivyomalizia kazi. Habari njema ni kwamba pamba ina mwisho: sehemu kubwa ya kupungua hutokea katika mifuo ya mwanzo, kisha hutulia.

Aliyepata dawa ya hili ni Mmarekani Sanford Cluett, wa kampuni ya Cluett Peabody iliyotengeneza kola na mashati huko Troy, New York. Njia yake, aliyoipatia hataza, yaani hati ya kumiliki uvumbuzi, mwaka 1930, ni nzuri sana kwa wepesi wake. Mkanda mnene ukipinda kwenye rola, upande wake wa nje hutanuka, ukinyooka, hujikusanya. Cluett alikibana kitambaa chenye unyevu juu ya mkanda huo ukiwa umetanuka, nao ulipojikusanya ulikikusanya kitambaa pamoja nao. Kikafupishwa kiwandani kabla maji ya mnunuzi hayajakifikia. Kitambaa kinachouzwa kwa jina la njia hiyo, «Sanforized», hakitakiwi kupungua zaidi ya asilimia 1. Ukijiuliza kwa nini si kila kiwanda kinafanya hivyo, kumbuka kwamba kitambaa huuzwa kwa mita. Jora la mita 100 likikusanywa likawa 94, mita 6 za kuuza zimetoweka.

Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba kioo cha dukani kinaonyesha nguo katika hali ambayo haitadumu. Wafanyabiashara wengi wa mavazi huhesabu asilimia 5 ya urefu kuwa upungufu wa kawaida kwa fulana. Fulana ya sentimita 70 hapo inapoteza sentimita 3.5, yaani upana wa vidole viwili. Ukinunua mpya ya pamba tupu, usiridhike na mabega tu. Tazama urefu wa kiwiliwili na mikono, kisha punguza kimawazo upana wa vidole hivyo viwili kabla hujatoa pesa. Kama lebo inasema imeshapunguzwa kiwandani, kadirio lako liwe dogo, lakini lisiwe sifuri.

Hapa mtumba una faida ambayo haisemwi vya kutosha. Fulana inayoninginizwa Gikomba, Kongowea au Karume kwa kawaida imeshafuliwa nyumbani kwa mtu mara nyingi, na kurudi kwake kumekwisha. Inavyokukaa pale sokoni ndivyo itakavyokukaa mwakani. Kwa hiyo usiongeze saizi kwa mazoea. Ukifanya hivyo utabaki na nguo inayopwaya. Kwenye mtumba mistari ya mishono ndiyo ya kuchunguza: ikiwa kitambaa kimekunjamana kandokando ya mshono, pamba ilirudi na uzi wa poliesta ulioishonea haukurudi. Haitanyooka kwa pasi.

Mafundi makini hulitatua jambo hili kabla ya mkasi. Huloweka kitenge au khanga, hukianika na kukipiga pasi, ndipo wanakata. Na bitana nayo hulowekwa, kwa sababu gauni ambalo kitambaa cha nje kimerudi na cha ndani hakikurudi huning'inia vibaya hata likishonwa kwa ustadi gani. Fundi akikuomba siku moja zaidi kwa kazi hiyo, mpe.

Vitambaa viwili havifuati kanuni ya pamba. Viskozi, ambayo lebo huiita pia «rayon», nayo ni selulosi lakini huvimba zaidi ya pamba na hudhoofika ikilowa, hivyo gauni lake laini linahitaji nafasi kubwa zaidi na mkono mwepesi wakati wa kukamua. Sufu ina kisa kingine kabisa: kila unywele wake una magamba madogo, na ukisuguliwa ukiwa na maji magamba yananasana, hayaachiani. Pamba hutulia baada ya mifuo michache, sufu huendelea kusinyaa kila inaposuguliwa. Sweta la sufu la mtumba, tofauti na fulana, halina uhakika wowote kwa kuwa limeshafuliwa. Ligeuze nje ndani: kama vitanzi vya ufumaji vinaonekana kimoja kimoja, bado ni zima, kama vimefunikwa na manyoya yaliyoshikamana, limeshaanza kusinyaa.