Kabla ya kupiga hema ufukweni, uliza mwezi una siku ngapi

Kaskazi ikianza kuvuma na skuli zikifungwa mwezi wa Disemba, vijana wetu hutaka kambi. Wengine huenda Vumawimbi kule Pemba, wengine pwani ya mashariki ya Unguja. Kulala ufukweni si jambo geni visiwani. Wavuvi wetu wanakwenda dago, yaani kambi za uvuvi, tangu enzi na enzi, wanakaa siku nyingi na wanarudi salama. Lakini mvuvi hasimamishi banda kabla hajajua mwezi uko wapi na maji yanafika wapi.

Miaka kadhaa nyuma niliitwa kusaidia kambi moja ya vijana. Walikuwa wamefika saa nne usiku, mwezi una siku 15 tangu kuandama, bahari imekupwa hadi mwambani na mchanga umetanda mkavu, mweupe. Wakapiga mahema hapo hapo. Saa kumi alfajiri maji yakawaingilia ndani. Alhamdulillahi, hakuna aliyezama. Nilipofika niliwakuta watoto wanatetemeka, mchele umerowa chumvi, na dawa ya mwenzao mwenye pumu imechukuliwa na maji.

Siku ile ilikuwa bamvua, na bamvua haiji kwa kushtukiza. Huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata. Wakati huo tofauti ya maji kupwa na maji kujaa kwetu huzidi mita 3. Maji hukupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku, na hujaa karibu na saa kumi, jioni na alfajiri. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa kiasi cha dakika 50. Mwezi ukiwa na siku 7 au 8, na tena 21 au 22, yanakuwa maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Mimi nikiulizwa tarehe ya kambi ya watoto, nachagua maji mafu.

Ukifika, tafuta ule mstari wa mwani mkavu, vijiti na makombe juu ya mchanga. Hapo ndipo bahari ilipofika mara ya mwisho, na bamvua inaweza kuupita. Panda juu yake kabisa, hata kwenye mivinje. Usipige hema chini ya mnazi wenye nazi, maana nazi moja ikikuangukia usingizini inatosha kuua. Na watoto wakienda mwambani kutazama kombe na pweza, waanze kurudi maji yakiwa bado yanakupwa. Yakigeuka, mara nyingi hujaza kwanza mikondo iliyo kati yao na ufukwe.

Chakula nacho kina hatari ambayo wengi hawaijui. Jodari, nguru na vibua wakikaa juani bila barafu hutengeneza sumu ambayo haiondoki kwa kuchoma wala kwa kukaanga. Samaki anaweza kuonekana mzima, hana hata harufu. Mlaji huwiva uso, mwili ukawasha, kichwa kikagonga, pengine kabla hajamaliza kunawa mikono. Samaki akitoka majini aingie kwenye deli lenye barafu, au apikwe na kuliwa papo hapo.

Bunju, yule samaki anayejivimbisha, asiliwe, na kasa asiliwe kabisa, mkubwa wala mdogo. Machi 2024, Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa. Sumu yake haiondoki kwa kupikwa, na hakuna dawa maalumu ya kuiondoa mwilini. Nawaomba wazee wenzangu tusilionee haya jambo hili, tuwaambie watoto waziwazi.

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mtu akiharisha na huna pakiti za chumvichumvi, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vipimwe kwa kusawazishwa. Mpe kidogo kidogo huku mkimtafutia usafiri.

Kukoga kwenye mito na mabwawa ya maji baridi ili kuondoa chumvi ya bahari si tiba wala burudani, maana kichocho kipo Unguja na Pemba, nacho hukaa huko, si baharini. Vaeni viatu vya zamani mkiingia baharini. Aliyechomwa na taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, mguu wake utiwe kwenye maji ya moto ya kuvumilika, yasiyounguza, dakika 30 hadi 90, kisha apelekwe hospitali.

Mpitieni sheha, kiongozi wa serikali wa eneo hilo, mkifika, mumwachie idadi yenu na namba ya simu. Mjue pia kituo cha afya cha karibu kiko wapi na gari gani itawafikisha huko usiku.

Vyandarua msiviache nyumbani. Malaria imepungua sana visiwani, kwa hiyo vijana wengi hawana kinga nayo, na homa ikiwashika huwalaza haraka. Mtoto akipata homa ndani ya mwezi mmoja baada ya kambi, mpelekeni akapimwe siku hiyo hiyo, na mwambieni mhudumu alilala wapi na usiku ngapi.